Elfu Tano Zilizoanzia Igunga

Ndugu wana-Igunga, mlio nyumbani na mlio mbali,

Kila tunapokutana kuzungumzia afya, hoja ya kwanza huwa jengo: wodi, chumba cha upasuaji, uzio. Majengo yanahitajika. Lakini historia ya wilaya yetu inatukumbusha kwamba ukuta hautibu mgonjwa.

Kwa miaka mingi baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure. Miaka ya 1980 uchumi uliyumba na dawa zikaadimika. Huduma ikabaki bure kwa jina, huku mgonjwa akiandikiwa karatasi akanunue dawa nje. Mwaka 1993 serikali ikaanza kuwachangisha wagonjwa gharama za matibabu hospitalini.

Je, mkulima anayeshika fedha mara moja kwa mwaka, akishauza pamba, angelipa nini akiugua wakati wa palizi? Jibu lilijaribiwa kwetu. Mwaka 1996 Igunga ilikuwa wilaya ya kwanza nchini kuanzisha Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka, kisha baba, mama na watoto walio chini ya miaka 18 wakatibiwa bila kulipa tena. Kwa kila kilichochangwa, serikali iliongeza kiasi hicho hicho, utaratibu ulioitwa "tele kwa tele". Mwaka 2001 Bunge lilitunga sheria ya mfuko huo, ukaenea nchini.

Hata hivyo, katika wilaya nyingi waliojiunga walikuwa wachache. Watu walilipa, wakafika zahanati, wakakosa dawa. Mara nyingi fedha zilikaa kwenye akaunti ya halmashauri, na kituo kilichozikusanya kikasubiri vibali. Mwanachama aliyekosa dawa hakurudi mwaka uliofuata. Mfuko ukapungua, na dawa nazo zikazidi kupungua.

Marekebisho yalifuata njia hiyo hiyo ya fedha. Kuanzia 2017/18, fedha zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati ya kituo, yenye wananchi ndani yake, ikapata sauti katika matumizi. Mwaka 2018 ikaja CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa.

Tumejifunza nini? Jengo huzinduliwa siku moja. Dawa, vitendanishi vya maabara na mafuta ya jenereta vinatakiwa kila wiki. Huduma ni nzuri pale fedha zinapokaa karibu na mgonjwa, na wenye fedha wanapouliza zimetumikaje.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba mchango wetu usiishie kwenye saruji. Sehemu inunue vifaa vya tiba, na sehemu izikatie bima kaya zisizojiweza. Mlio nyumbani, hudhurieni mikutano ya vijiji, chagueni wajumbe makini wa kamati za vituo, ombeni taarifa za mapato na matumizi. Sisi tulio mbali tuahidi jambo moja: kila shilingi itakayochangwa nyumbani, tuiongezee nyingine.

Tele kwa tele ilianzia kwetu. Tuirudishe.