Machozi ya Boston, mkate wa mwandishi

Januari 5, 2020, ilitimia karne moja tangu klabu ya besiboli ya Boston Red Sox itangaze kwamba imemuuza Babe Ruth kwa New York Yankees. Picha za lile pande la mtu lenye uso wa duara zilichapishwa tena, na kisa kikasimuliwa tena. Ila kuna mashabiki wa Boston ambao hasira yao katika kisa hiki haimwendei Ruth, wala Harry Frazee, mmiliki aliyemuuza. Inamwendea mtu ambaye hajawahi kuichezea Red Sox hata dakika moja: Dan Shaughnessy, mwandishi wa michezo wa gazeti la Boston Globe.

Kwa msomaji asiyefuatilia besiboli, Red Sox ni mali ya kampuni ileile inayoimiliki Liverpool tangu mwaka 2010. Uwanja wao, Fenway Park, ulifunguliwa mwaka 1912 na bado unatumika. Na chuki kati yao na Yankees ni ya kurithishana, baba kwa mwana.

Mauzo yenyewe yanajulikana. Bei ilikuwa dola 100,000: dola 25,000 taslimu, zilizobaki kwa hati tatu za ahadi ya malipo. Juu yake Frazee aliahidiwa mkopo wa dola 300,000, Fenway Park ikiwa rehani. Mpaka siku hiyo Boston ilikuwa imetwaa ubingwa wa World Series mara 5, mara ya mwisho mwaka 1918. Yankees walikuwa hawajatwaa hata mara moja. Baada ya hapo Yankees walitwaa mara 26 kabla ya Boston kupata tena.

Si kwamba Boston ilikuwa timu mbovu tu. Laiti ingekuwa mbovu, watu wangezoea. Ilifika fainali mwaka 1946, 1967, 1975 na 1986, na mara zote nne ilifungwa katika mechi ya saba, ya mwisho kabisa. Ile ya 1986 ndiyo iliyowamaliza watu. Usiku wa Oktoba 25, mechi ya sita, uwanja wa Shea jijini New York, Boston iliongoza 5 kwa 3 dhidi ya New York Mets. Wapigaji wawili wa Mets walikuwa wameshatolewa, na hakukuwa na mtu kwenye besi. Ilifika mahali mpira mmoja tu uliorushwa vizuri ungemaliza ukame wa miaka 68. Mets wakasawazisha, kisha mpira wa kutambaa ukapita katikati ya miguu ya Bill Buckner, na Boston ikalala. Siku mbili baadaye ikapoteza na ubingwa.

Ni katika siku hizo ambapo George Vecsey wa New York Times aliandika katika safu yake kuhusu laana ya Babe Ruth. Ilikuwa safu ya gazeti, na safu za magazeti kesho yake hufungiwa maandazi. Miaka minne baadaye, mwaka 1990, Shaughnessy alitoa kitabu, The Curse of the Bambino, Bambino likiwa jina la utani la Ruth. Kitabu hakifungiwi maandazi.

Shaughnessy si mgeni aliyetoka mbali kuja kuwacheka. Alizaliwa mwaka 1953 na kukulia Groton, mji mdogo wa Massachusetts, na akajiunga na Globe mwaka 1981. Kitabu chenyewe si cha uchawi pia. Ni historia ya klabu, msimu kwa msimu, iliyotungwa kwenye uzi mmoja: kwamba tangu Ruth aondoke, kuna kitu kinawaandama. Uzi huo ndio uliouza kitabu. Kilichapishwa tena na tena, mwaka 2003 televisheni ya HBO ikatengeneza filamu juu ya kisa hicho, na watoto nao wakaandikiwa kitabu chao.

Mwanahistoria Glenn Stout, ambaye ameandika juu ya Red Sox kuliko karibu mtu yeyote, ana hoja ambayo mimi naiona nzito. Anasema laana hii haikuwa mila ya mashabiki. Kabla ya 1986 hakuna aliyekuwa akiitaja. Waandishi ndio walioipika, kisha wakawaambia watu kwamba ni chakula chao cha asili. Ushahidi mmoja unafurahisha. Mwaka 1976, timu ikiwa imefungwa mfululizo, aliitwa mchawi maarufu wa mji wa Salem, Laurie Cabot, aje kuondoa mkosi. Sisi tunaozijua kamati za ufundi za klabu zetu hatuna haki ya kucheka. Lakini angalia: mchawi kaitwa, mkosi umetajwa, na Ruth hakuwa sehemu ya kisa. Mzimu wake ulikuwa haujaajiriwa bado.

Baada ya 1990 ukaajiriwa rasmi, tena na adui. Boston ilipokwenda kucheza New York, uwanja mzima wa Yankees uliimba mwaka mmoja tu, kwa sauti ya pole na ya kejeli: 1918. Wakaja na mabango ya Ruth, wakaja na fulana. Hapo ndipo kero ya mashabiki wa Boston ilipoota mizizi. Kufungwa walishazoea. Walichoshindwa kuzoea ni kuona mtu wao wenyewe, anayelipwa na gazeti la nyumbani, akiwapa Yankees wimbo wa kuwaimbia, kisha akipokea fedha kila kidonda kinapotoneshwa. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: timu ikifungwa, kitabu kinauzwa. Mtu wa namna hiyo atatamani nini msimu ukianza?

Ugomvi huo ulipata jina lake mwaka 2000, na aliyelitoa hakutegemewa. Carl Everett alikuwa mchezaji hodari na mkorofi. Julai mwaka huo alibishana na mwamuzi hadi akamgonga kwa kichwa, akafungiwa mechi 10. Alijulikana pia kwa kusema hadharani kwamba dinosaria hawakuwahi kuwapo. Shaughnessy alimchapa katika safu zake. Siku moja Everett, akimfokea mwandishi mwingine wa Globe, Gordon Edes, akamwambia aondoke zake yeye na yule bwana'ko mwenye nywele za kujisokota.

Shaughnessy ana nywele za kujisokota kama manyoya ya kondoo. Tusi likanata. Mashabiki ambao hawakuwa na haja na Everett mwenyewe walilichukua, wakalifupisha kuwa herufi tatu za Kiingereza, CHB (Curly-Haired Boyfriend), na kwa miaka mingi hawakumwita Shaughnessy kwa jina jingine. Curt Schilling, mrushaji shujaa wa 2004, naye alikuja kulitumia. Ni tusi la kijinga, tena lenye kejeli ya kijinsia ambayo haipendezi hata kidogo. Lakini kuna jambo la kushangaza ndani yake: katika mji unaowatukuza wachezaji na kuwasoma waandishi kama Maandiko, watu walichagua kusimama na mchezaji aliyempiga mwamuzi kichwa kuliko kusimama na mwandishi.

Wachezaji nao walichoka kuulizwa habari za mzimu. Mei 2001, baada ya kuwanyamazisha Yankees, Pedro Martínez, mrushaji bora wa zama zake, alisema haamini laana. Huyo Bambino na aamshwe aje asimame mbele yake, amtandike mpira wa makalio. Baadaye akaumia bega, akakosa sehemu kubwa ya msimu. Unaweza kudhani walioamini laana walisemaje.

Mpanda mlima mmoja alipeleka kofia ya Red Sox Everest mwaka huohuo ili kuiondoa laana. Wazamiaji walilitafuta kwenye bwawa la Sudbury piano ambalo inasemekana Ruth alilisukumia majini. Kwenye barabara ya Storrow Drive, alama ya kona ilichorwa rangi hadi ikasomeka kama ombi la kuipindua laana, na wakuu wa barabara wakaiacha. Hata wenye hasira na Shaughnessy, basi, waliucheza mchezo wake. Nani alinunua vitabu hivyo vyote? Si watu wa New York peke yao.

Oktoba 2003 Boston iliongoza Yankees kwa pointi tatu katika mechi ya saba ya nusu fainali, kocha Grady Little akamwacha Martínez uwanjani akiwa amechoka, na usiku wa manane Aaron Boone akapiga mpira uliovuka ukuta. Mwaka uliofuata, walewale Yankees waliongoza mechi 3 kwa 0. Hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli iliyowahi kutoka kwenye shimo hilo la mfululizo wa mechi saba. Boston ilitoka. Oktoba 27, 2004, huku mwezi ukiwa umepatwa juu ya St. Louis, ikamaliza miaka 86.

Mwaka 2005 Shaughnessy akatoa kitabu kingine, safari hii juu ya kupinduliwa kwa laana. Kwa mashabiki huo ulikuwa msumari wa mwisho: alikula msibani, na sasa amekuja na sahani harusini. Januari mwaka huohuo aliandika pia kwamba mpira uliotumika kumtoa mpigaji wa mwisho wa fainali ulikuwa mikononi mwa mchezaji Doug Mientkiewicz, ambaye hakuukabidhi kwa klabu. Ukazuka mzozo wa mji mzima juu ya nani mwenye mpira, ukaendelea hadi mpira ukaishia kwenye makumbusho ya besiboli Cooperstown. Kama mwandishi wa habari, nitasema wazi kwamba hiyo ilikuwa habari, na nzuri. Shabiki aliyesubiri miaka 86 hakutaka habari. Alitaka miezi mitatu ya kufurahi bila mtu kumharibia.

Hapo namtetea Shaughnessy: kazi ya mwandishi si kupiga vuvuzela. Mwaka 2016 wenzake walimpa Tuzo ya J. G. Taylor Spink, heshima kubwa kuliko zote kwa mwandishi wa besiboli. Nisichoweza kukitetea ni kile Stout alichokionyesha, ambacho mashabiki kwa ghadhabu zao hawakukiona. Hadithi ya laana ilimwangamiza mtu asiye na hatia kubwa na kuwafunika wenye hatia halisi.

Asiye na hatia kubwa ni Frazee. Hadithi inasema alimuuza Ruth ili apate fedha za mchezo wa jukwaani No, No, Nanette. Mchezo huo ulifika Broadway Septemba 1925. Frazee aliiuza klabu mwaka 1923. Ukweli ni mchafu zaidi na wa kawaida zaidi. Ruth alikuwa na mkataba wa dola 10,000 kwa mwaka akidai 20,000, na aliiacha timu kabla msimu wa 1919 haujaisha. Frazee alikuwa na deni la ununuzi wa klabu na vita na rais wa ligi, Ban Johnson, vilivyogawa klabu hata akabaki na mbili tu za kufanya nazo biashara: Yankees na Chicago White Sox. Mwaka 1921 gazeti la Henry Ford, Dearborn Independent, lilimshambulia kama Myahudi anayeharibu besiboli. Hakuwa Myahudi. Mwaka 1947 mwandishi Fred Lieb alimchora kama jambazi katika kitabu chake juu ya Red Sox, na waliofuata wakanakili.

Wenye hatia halisi tunawajua. Aprili 16, 1945, wachezaji weusi Jackie Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams walifanya majaribio Fenway Park. Klabu haikuwaita tena. Miaka miwili baadaye Robinson alikuwa na Brooklyn Dodgers, na Jethroe akawa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake mwaka 1950. Red Sox, chini ya tajiri Tom Yawkey, ilikuwa ya mwisho kati ya klabu 16 kumchezesha mtu mweusi: Pumpsie Green, Julai 21, 1959, miaka 12 baada ya Robinson. Timu inayokataa wachezaji wa aina hiyo haihitaji mzimu ili ifungwe. Kitabu kikisema ni Ruth, Yawkey analala usingizi. Na alilala vizuri: barabara ya mlangoni pa Fenway ilibeba jina lake mpaka mwaka 2018. Frazee hana hata kichochoro.

Tangu 2004 Boston imetwaa ubingwa mwaka 2007, 2013 na 2018, na laana imebaki kwenye maduka ya vitabu vya mitumba. John Henry, mmiliki wa klabu, alilinunua Globe mwaka 2013, kwa hiyo wachezaji na mwandishi wanayemchukia sasa wanalipwa na mfuko mmoja. Januari 2020 Shaughnessy alikuwa na miaka 66, bado akiandika, bado akiwakera.

Majira hayo ya baridi aliandika, kama wenzake wote mjini, juu ya Mookie Betts, mchezaji mweusi aliyekuwa bora wa ligi mwaka 2018. Klabu ilitaka kupunguza bili ya mishahara, na minong'ono ilikuwa kwamba Betts angeuzwa. Miongoni mwa waliotajwa kumtaka walikuwamo Dodgers, klabu ya Robinson, ambayo siku hizi iko Los Angeles.