Hadhira na Sinema za Vita katika Kenya ya Kikoloni

Suala la upokezi limeshughulikiwa kwa mapana katika uhakiki wa fasihi andishi, hasa kutokana na kazi za Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser. Hata hivyo, miongo kadhaa kabla ya nadharia hiyo kushika mizizi, Waingereza walikuwa tayari wakichunguza jinsi hadhira za Afrika Mashariki zilivyoipokea sinema. Lengo lao halikuwa kuielewa hadhira tu, bali kuiongoza.

Kati ya 1935 na 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha majaribio ya sinema za elimu kutoka Vugiri, Usambara. Filamu zao zilizungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani, na maoni ya watazamaji yakakusanywa. Vita vilipozuka mwaka 1939, Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni chini ya Wizara ya Habari. Kiongozi wake, William Sellers, aliyekuwa ametengeneza filamu za afya nchini Nigeria, alishikilia kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Kwa hiyo filamu sharti ziwe za mwendo wa polepole, zisizo na hila za kamera. Dhana juu ya hadhira ikawa kanuni ya utunzi.

Nyingi za filamu hizo hazikuwa na sauti. Ufafanuzi ulitolewa papo hapo, kwa lugha ya wenyeji, na msimulizi aliyeandamana na gari la sinema. Hapa ndipo sinema ilipokutana na fasihi simulizi: matini iliyotungwa London ilimfikia mtazamaji kupitia kinywa cha fanani, na fanani huongeza, hupunguza na huisoma hadhira yake. Katika maeneo kama Thika na Ruiru, ambako mashamba ya kahawa na mkonge yaliwakusanya vibarua wa jamii mbalimbali, kuchagua lugha ya ufafanuzi kulikuwa pia kuchagua ni nani atakayefikiwa. Filamu iliyoonyesha maisha ya familia ya Kiingereza, *Mr. English at Home* (1940), haikuweza kuwa na maana ileile kwa kila aliyeitazama.

Ushahidi uliotumiwa kuthibitisha udhaifu wa hadhira wahitaji kuhakikiwa upya. Kisa mashuhuri, alichokisimulia John Wilson na kilichoenezwa na Marshall McLuhan mwaka 1962, chahusu watazamaji wa Kiafrika walioonyeshwa filamu ya usafi. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakumjua kuku huyo. Walipoikagua filamu, walimkuta akipita pembeni kwa muda mfupi mno. Kisa hiki kilifanywa ithibati ya kutojua kusoma picha. Lakini swali lilijibiwa kwa usahihi: kuku alikuwamo. Aliyeshindwa kumwona ni mwenye filamu.

Jambo hili si dogo, kwani hukumu kwamba Mwafrika ni mtoto mbele ya skrini iliafiki hukumu kwamba ni mtoto mbele ya siasa. Historia iliikanusha. Askari wa Kenya waliopigana Burma walikuwa wameviona vita kwa macho yao. Mmoja wao, Waruhiu Itote, baadaye aliongoza wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, sinema ikawa miongoni mwa nyenzo za serikali za kuwavuta watu wa Mkoa wa Kati, ambao tangu 1954 walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa. Katika mazingira hayo, kuhudhuria hakukuwa lazima kukubali, na kimya hakikuwa lazima kutoelewa.

Ripoti za kikoloni, basi, zapaswa kusomwa kama matini zenye fokasi ya mwandishi wake. Zaeleza mengi kuhusu aliyeshika kalamu. Hadhira yenyewe yapatikana katika mianya yake: katika kicheko kisichotarajiwa, na katika jibu lililodhaniwa kuwa kosa.