Utando

utando *nm* (wingi: tando) [u-/zi-]

Hutokana na kitenzi *tanda*. Ni tabaka jembamba linalofunika kitu: utando wa uji uliopoa, utando wa buibui. Katika biolojia ni tabaka la mafuta na protini linaloizunguka seli na vifuko vilivyomo ndani yake; *ukuta wa seli* ni kitu kingine. Tando mbili huweza kuungana zikawa moja, na umbo la protini ndilo huamua zipi ziungane.

Mfano wa karibu ni vikope (trakoma), ugonjwa uliochunguzwa kwa miaka mingi wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma. Bakteria *Chlamydia trachomatis* huingia katika seli za upande wa ndani wa kope akiwa ndani ya kifuko. Kwa desturi, kifuko cha namna hiyo huishia kuungana na lisosomu, yenye vimeng'enya vya kumeng'enya wavamizi. Cha bakteria huyu huepuka, kwa kuwa hupachika protini zake mwenyewe kwenye utando wa kifuko. Mojawapo, IncA, ina sehemu zinazofanana na protini za SNARE, ambazo seli huzisokota kama kamba ili kuvuta tando mbili hadi zigusane. Aina adimu zisizo na IncA huishi katika vifuko vingi visivyoungana.

Matumizi: *Utando* na *mtandao* vina shina moja, lakini havibadilishani. Mtafsiri wa maelezo ya wagonjwa aepuke "utando juu ya jicho" kwa vikope: msomaji huweza kuelewa mtoto wa jicho, ambao upasuaji wake ni wa lenzi, ilhali vikope vilivyokomaa hukunja kope ndani, na kinachopasuliwa ni kope.