Masetla wa Kizungu na Umoja wa Watu wa Kenya



Hesabu za fedha na habari za mikutano zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Hapa tumeonelea vyema kuandika juu ya jambo ambalo vijana wetu huuliza mara kwa mara: watu wa nchi hii walitengwaje hata kila kabila likamtazama jirani yake kama mgeni? Sababu ni nyingi, lakini iliyo kubwa imo katika kuja kwa masetla.

Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901. Ilikula fedha nyingi za Uingereza, na Sir Charles Eliot, aliyekuwa mkuu wa serikali wakati ule, akaona kwamba wakulima wa Kizungu ndio watakaoleta mizigo ya kuilipia. Sheria ya Ardhi ya 1902 iliwapa mashamba kwa miaka 99, na ile ya 1915 ikaifanya miaka kuwa 999. Makaburu kutoka Afrika ya Kusini waliingia Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe. Mji wa Eldoret ulisimama juu ya shamba namba 64, na wenyeji wakauita Sisibo kwa namba hiyo hiyo. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mashamba mengine yaligawiwa askari wa Kizungu mwaka 1919, na sehemu ya nchi ya Wanandi ikachukuliwa kwa kazi hiyo. Mwafrika aliyebeba mizigo katika vita ile ile hakupewa hata ekari moja.

Masetla hawakuwa wengi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1962, Wazungu wote wa Kenya, pamoja na watumishi wa serikali na wafanya biashara, hawakufikia mtu mmoja katika kila watu mia. Basi haikuwa wingi wao uliotutenga, wala rangi yao peke yake. Ili Mzungu apewe shamba lenye mpaka, ilibidi kila kabila nalo lipewe mpaka wake. Wamaasai walitiliana mapatano na serikali mwaka 1904, wakagawanywa pande mbili, nayo mapatano yaliahidi kudumu maadamu Wamaasai wangaliko duniani. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 waliambiwa waondoke Laikipia, na walipokwenda kortini kudai haki yao walishindwa. Mwaka 1926 mipaka ya rizavu ilitangazwa rasmi: Mkamba hapa, Mkikuyu pale, Mluo kule. Watu waliokuwa wakioana na kubadilishana nafaka kwa mbuzi tangu zamani waliandikwa sasa katika vitabu vya serikali kama mifugo ya mazizi mbalimbali. Na mwanamume aliyetoka nje ya rizavu alivaa kipande shingoni, chenye alama za vidole vyake.

Kuna wasemao kwamba masetla walituunganisha, kwa kuwa adui mmoja huleta udugu. Neno hilo lina ukweli wake. Katika kambi za mashamba, ambako sheria ya 1918 iliwataka maskwota wamtumikie mwenye shamba siku 180 kwa mwaka, Mkikuyu, Mluhya na Mkipsigis walijifunza kusemezana kwa Kiswahili. Mwaka 1921 Harry Thuku alianzisha chama kilichowapokea watu wa makabila mbalimbali, na Wahindi kadhaa wa Nairobi walimsaidia. Alikamatwa Machi 1922, na wengi waliokusanyika kumdai walipigwa risasi. Serikali ilijifunza somo lake upesi kuliko sisi: chama cha nchi nzima ni cha hatari, cha kabila ni cha kuvumilika. KAU ilipigwa marufuku mwaka 1953, na mwaka 1955 Waafrika waliruhusiwa vyama vya wilaya tu. Haishangazi kwamba mwaka 1960 tulipata KANU na KADU, huku makabila madogo yakiogopa kwamba makubwa yatayameza mashamba ya masetla.

Tarehe 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta aliwaambia masetla huko Nakuru kwamba watakaotaka kukaa wakae kwa amani. Wengine walikaa wakawa raia, na wengi waliuza. Mashamba ya mpango wa ekari milioni moja yalinunuliwa kwa mikopo ambayo wakaaji wapya walitakiwa kuilipa, na sehemu kubwa yaligawiwa kwa kufuata makabila, jambo ambalo kwa maoni yetu lilikuwa kupanda tena mbegu ya mwenye shamba aliyeondoka. Mapigano ya miaka ya 1992 na 2008 yalichoma nyumba Molo na Burnt Forest, katika nchi iliyokuwa ya masetla.

Katiba ya 2010 imeifupisha miaka 999 kuwa 99 kwa asiye raia. Lakini kaunti zetu 47 zimefuata mipaka ya wilaya, na wilaya nyingi zilichorwa kwa rula ile ile iliyochora rizavu.