Mwito na Mwangwi Wake

Ninyi wa darasa la Igoma mnayajua majabali ya Mwanza. Ukiliita jabali, sauti hurudi. Ukihesabu muda wa mwangwi, utakadiria umbali.

Mwaka 1995 wataalamu wa maabara ya SLAC, huko Stanford, Marekani, walianza kupima intaneti vivyo hivyo. Walishirikiana katika utafiti na wenzao wa nchi nyingi. Kila nusu saa kompyuta ilituma miito mifupi mbali, ikahesabu muda wa majibu na miito iliyopotea. Kazi hiyo iliitwa PingER.

Afrika Mashariki nayo ikapimwa. Majibu yalichukua nusu sekunde na zaidi. Je, huo ni muda mdogo? Kompyuta huitana na kuitikiana mara nyingi kwa kazi moja; ucheleweshaji hujumlika.

Sababu ilikuwa nini? Habari zilipita kwenye setelaiti, kilomita 36,000 juu. Mwito hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka: jumla kilomita 144,000. Hata mwanga hutumia karibu nusu sekunde. Kosa halikuwa la watu, bali la njia.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi Dar es Salaam. Vipimo vikaonyesha muda umepungua. Baadaye Mkongo wa Taifa ukafika Mwanza, penye kituo cha utafiti wa magonjwa kinachoshirikiana na wataalamu wa ng'ambo.

Basi, anayelalamika bila kipimo huambiwa avumilie. Mwenye kipimo huonyesha mahali pa kutengeneza.

Swali: Kwa nini jibu lililopitia setelaiti lilikawia? Andikeni katika madaftari yenu. Kwaherini.