Video ya mtandaoni kwa biashara ndogo

Video ya mtandaoni kwa biashara ndogo ni picha jongefu fupi inayowekwa YouTube, TikTok au Instagram ili mtazamaji avutike kuingia kwenye tovuti ya muuzaji, aone bei na kuagiza.

Mkoani Njombe njia hii inawafaa hasa wanaouza kwa wateja wa mbali: parachichi, miche, viazi, vifaranga. Matembwe ni mfano mzuri, kwani ndiko iliko Kampuni ya Kijiji cha Matembwe, iliyojengwa kwa ushirikiano na shirika la Kiitalia la CEFA na kujulikana kwa vifaranga na umeme wa maji. Mnunuzi wa vifaranga huhofia vifo kuliko bei, na baridi ya Njombe ya Juni na Julai haina huruma. Video ya kumfaa ni ya malezi: vifaranga waliosongamana chini ya taa wanasikia baridi, waliokimbilia pembeni wakihema midomo wazi wamezidiwa na joto. Dakika mbili za namna hiyo hujenga imani kuliko tangazo lolote la muziki na madoido.

Kwenye video za kawaida za YouTube, kiungo cha tovuti huwekwa mstari wa kwanza wa maelezo, kwa kuwa mengine hufichwa hadi mtu abonyeze. Kwenye video fupi za YouTube viungo vya maelezo na maoni havibonyezeki tangu Agosti 2023, hivyo anwani itamkwe na iandikwe kwenye picha yenyewe. Tovuti iwe nyepesi kufunguka kwenye simu, na namba ya muuzaji ionekane juu kabisa, maana wateja wengi bado huagiza kwa kupiga.