Maana ya "Nyumbani" katika Historia ya Waliofukuzwa Bonde la Ufa

Mnamo Mei 2008, miezi michache baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Serikali ya Kenya ilianza kuwaondoa watu kambini na kuwarejesha makwao. Mpango huo uliitwa Operesheni Rudi Nyumbani. Jina lenyewe ni amri, na atoaye amri ya namna hiyo huwa amekwisha kukata shauri kwamba nyumbani panajulikana.

Hapakujulikana hata kidogo. Oktoba 1993 maelfu ya wakulima Wakikuyu walifukuzwa Enoosupukia, wakapiga kambi Maela, karibu na Naivasha. Desemba 1994 kambi hiyo ilivunjwa, na baadhi ya waliokuwamo wakapakiwa malorini hadi Mkoa wa Kati. Wengine walishushwa katika uwanja wa michezo wa Kirigiti, Kiambu. Hoja iliyokuwamo ndani ya safari hiyo ni kwamba huko ndiko kwao. "Kwao" ya ukoo ilishika mahali pa "kwao" ya shamba, na shamba likabaki mikononi mwa wengine.

Katika ghasia za 2007 na 2008 watu zaidi ya 600,000 walihama. Karibu nusu yao hawakukaa kambini, bali walijibanza kwa jamaa na katika vyumba vya kupanga mijini. Hao ndio waliosahauliwa zaidi, maana anayehesabu mahema hawezi kumwona aliyelala sebuleni kwa shemeji yake. Wa kambini waliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 za kujengea nyumba iliyochomwa. Lakini nyumba mpya yaweza kusimama mbele ya jirani yule yule, na ugomvi wa ardhi ukawa haujaguswa.

Kwa hiyo wapo waliokataa kurudi. Walichanga fedha hizo kidogo kidogo, wakanunua viwanja vyembamba karibu na Mai Mahiu. Kikundi kimoja kilijiita Jikaze. Kingine, Vumilia Eldoret. Jina hili la pili ni la ajabu: wenyewe wako Mai Mahiu, na mji waliouacha wameubeba mdomoni.

Sheria ya 2012 kuhusu waliohamishwa ndani ya nchi ilikubali njia tatu: kurejea, kukaa palipokimbiliwa, au kuhamia mahali pengine, kwa hiari ya mhusika. Wanachama wa Vumilia Eldoret walikuwa wamekwisha kuchagua, na kiwanja walikwisha kukilipia.